Mbwa Wanne na Kibuyu cha Mursik

Leo mbwa wangu wamemfukuza mtu wa kwanza aliyekuja kunikaribisha Kapseret.

Nilihamia huku kufundisha mwezi uliopita na mbwa wote wanne, kwa kuwa niliogopa kuishi peke yangu, na wengi wenu hapa mlinishauri nije nao.

Asubuhi jirani yangu, Mama Chebet, alifika langoni na kibuyu cha mursik. Hapa mgeni hukaribishwa kwa maziwa hayo ya mgando.

Mbwa wakamrukia.

(Kuwafunga kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.)

Nilipofika langoni alikuwa ameshageuka.

"Mama, ngoja, nimewafunga."

"Kaa nao tu, mwalimu," alisema bila hasira. "Mzungu aliyemiliki shamba hili zamani alikuwa na mbwa watatu, na hatukuwahi kuingia kwake."

Akaenda na kibuyu chake.

Nchi hii ni tambarare. Nilimtazama akizidi kuwa mdogo, bila hata kilima cha kumficha.

Pengine nakosea, pengine atarudi. Lakini jioni nimewaona akina mama watatu wakiiacha njia inayopita langoni kwangu, wakazunguka kwenye matope ya shamba.

Mbwa walikuwa wamefungwa. Kutoka kule mbali akina mama hao wasingeweza kujua.

Nyinyi mlionishauri nije nao, mngefanyaje?