Ngoma ya Msiba

Nilikuwepo kijijini Itebero siku fundi wa ngoma alipomfundisha mpwa wake mlio wa kutangaza kifo. Mzee aliupiga polepole, kisha akamnyooshea vijiti. Mpwa hakuvipokea.

"Iyo najua, Mujomba. Unifundishe ingine."

Mzee akaviweka chini. "Kama unajua, basi."

Juma lililopita mzee alifariki. Mpwa akapiga ngoma, na watu wa ng'ambo ya mto wakaja na nyavu na mbwa, wakiimba. Walisikia wanaitwa kuwinda, wakakuta maiti.

"Masikio yao njo iko mubaya," mpwa aliniambia.

Mtu pekee ambaye angeweza kumsahihisha, tulikuwa tunamfukia, na wale mbwa bado walikuwa wanasubiri mawindo.