Mbege Haiahirishwi

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijashika fagio, dada wa ofisi ya utawala hunipa bahasha ya matangazo na kikopo cha pini. Kazi yangu ni kubandua ya wiki iliyopita na kubandika ya wiki inayoanza. Ubao uko nje ya kantini, una milango miwili ya kioo, na ufunguo wake unakaa mfukoni mwangu. Chuo kizima, naamini ni mimi peke yangu ninayeusoma.

Ninasoma polepole. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akichoka kunisubiri nimalize mstari. Lakini mtu wa polepole haruki neno. Nikifunga kile kioo ninakuwa nimeshajua kwamba uchangiaji damu ni Jumanne ukumbini, daktari wa meno anakuja Jumatano, mafunzo ya kuandika barua za kazi yamehamishiwa maktaba, na basi la wanaokwenda kupanda mlima linaondoka saa kumi na mbili kamili. Ijumaa anakuja kijana wa mwaka wa tatu, anaegemea ubao, mgongo wake umefunika tangazo la meno, ameshika shavu. Ananiuliza, "Dogo, eti daktari wa meno anakuja lini?" Ninamwambia alikuja juzi. Anasikitika kwamba chuo hakitoi taarifa.

Karibu kila tangazo lina maneno yaleyale: jamii yote ya chuo inakaribishwa. Mwaka wangu wa kwanza niliyaamini. Walipoleta upimaji wa macho wa bure nilinawa uso, nikapanga foleni, na mwanafunzi mwenye daftari akaniuliza namba ya usajili. Nikasema mimi ninafagia. Akaangalia mabuti yangu, akanieleza kwa upole sana kwamba huduma ile ilikuwa ya jamii ya chuo. Jioni nilifagia vikopo walivyonywea maji wakiwa kwenye foleni. Tangu hapo ninabandika tu, sikaribishwi.

Siku ya Utamaduni ndiyo tukio wanalolipenda kuliko yote, kwa sababu halina mtihani. Kamati yake ina watu watano na mwenyekiti ni mhadhiri kijana anayetembea na kalamu tatu mfukoni. Mwaka huu walikaa vikao vitatu kujadili rangi ya fulana. Kikao cha nne walijadili mbege. Walitaka mgeni rasmi aonje kinywaji cha wenyeji wa hapa, na baada ya mabishano marefu kuhusu pombe katika eneo la chuo, walikubaliana kiitwe kionjo na kinywewe kwa vikombe vidogo. Ikabaki swali la nani atapika. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe vyao vya chai. Dada wa ofisi akaninyooshea kalamu. "Huyu si anatoka Kibosho?"

Ningeweza kusema sijui. Wote walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa na watu wengi huwa natoa jibu la kwanza lililo karibu ili waache kunitazama. Nikasema mama yangu anapika.

Ukweli ni kwamba mama alikuwa hajapika kwa miaka mitatu. Zamani alikuwa akiitwa kwenye kila harusi na kila ubatizo upande wetu wa mlima. Kisha mwaka ambao baba alilazwa, alipika mbege ya harusi huku akishuka na kupanda kwenda hospitali, na siku moja aliwahi mgonjwa akachelewa pipa. Ilichachuka kupita kiasi. Wageni waliimwaga kwenye migomba mbele ya bibi harusi. Baba hakurudi kutoka hospitali, na jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mama anayeuza parachichi kwenye geti la chuo, akasema kwa watu kwamba mkono wa mama umekufa. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Lakini kwetu mpishi wa mbege akishasemwa hivyo hakuna anayemwita. Hakuna tena aliyemwita.

Nilipompelekea habari za chuo mama hakutabasamu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaligonga pipa kwa vidole kusikia kama limetoboka. Asubuhi yake alikuwa kihambani, kwenye migomba yetu, akichagua mikungu ya kuivisha. Kamati ilinunua ulezi, hilo silikatai. Mama aliuloweka, akauotesha chini ya majani ya migomba, akaukausha na kuusaga mwenyewe. Magome ya msesewe, yale yanayoipa mbege uchungu wake, aliyafuata juu kabisa karibu na msitu, wala hakutaka nimsaidie kubeba. Jirani alisimama ng'ambo ya mfereji na ndoo yake, akaangalia kila kitu, akaenda zake.

Mbege ina kalenda yake. Ndizi zilichemshwa Jumatatu, kutwa nzima, mpaka zikawa nyekundu. Zikaachwa kwenye pipa zichachuke. Ijumaa zilikuwa zikamuliwe na kuchanganywa na uji wa ulezi, na Jumamosi kinywaji kinyweke. Jumapili bado mtu anaweza kunywa kwa kuvumilia. Jumatatu unamwaga.

Jumatano mchana dada wa ofisi akaniletea karatasi moja, bado ya moto kutoka kwenye mashine. Niliisoma nikiwa na pini mdomoni. Siku ya Utamaduni imesogezwa mbele kwa wiki moja kutokana na mgeni rasmi kupata dharura. Kamati inaomba radhi kwa jamii yote ya chuo.

Watu hawa hawawezi kufanya jambo bila mgeni rasmi. Nadhani hata mvua za masika wangezisogeza mbele kama hakuna wa kuzifungua. Nilibandika ile karatasi kwa mkono wangu, nikafunga kioo, nikaenda ofisini kwa mwenyekiti. Nilisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kupiga hodi.

Nikamwamkia, nikamwambia ndizi zimeshachemshwa.

"Sawa," akasema, "si mtaihifadhi tu kwenye friji?"

Nikasema haikai.

"Kila kinywaji kinahifadhika, kijana. Hiyo ni sayansi."

"Mbege haiahirishwi," nikasema. Ilitoka kwa sauti ndogo.

Alicheka, akamgeukia dada wa ofisi. "Umesikia? Iandike hiyo, tutaiweka kwenye bango." Kisha akanikumbusha kwamba ulezi ni wa kamati, kwa hiyo mbege ni ya kamati, na anaitegemea Jumamosi ya wiki inayofuata ikiwa katika hali nzuri. Mtu huyu anafundisha watu. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani, angemwonea huruma.

Nilipanda Kibosho nikitafuta maneno. Mama alikuwa anakoroga pipa. Nilimweleza yote, na alipomaliza kusikiliza aliendelea kukoroga.

"Kwa hiyo Jumamosi hakuna mtu," akasema.

"Hakuna."

"Mbege yangu haimjui mgeni rasmi. Itanyweka Jumamosi." Akanyanyua uso akatazama ng'ambo ya mfereji. "Kawaite watu. Anza na yule."

Mimi, ambaye huvuka barabara ili nisisalimiane na watu wawili, nilizunguka nyumba kumi na moja jioni ile. Kwa jirani nilitoa shikamoo mara mbili kwa sababu ya woga. Aliuliza kama ni mbege ya chuo. Nikasema ni ya mama. Akasema ataona.

Jumamosi walikuja. Walikaa kama watu waliokuja kwenye kesi, kila mmoja na kata yake ya kibuyu mkononi. Mama alionja kwanza, kama anavyopaswa mwenye pombe, kisha akampa mzee mkubwa kuliko wote, kisha jirani. Jirani aliishika kinywani muda mrefu, anatafuta kosa. Akameza. Baada ya kitambo aliinyoosha kata yake tena, na mama akaijaza. Wazee walianza kupiga stori. Mmoja akasema, "Mama, hii imefika." Lakini kila mtu alijua kwamba neno linalosubiriwa si la yule mzee. Jirani alikuwa na mjukuu wa kubatizwa kabla ya Krismasi, na hadi siku ile alikuwa hajasema atamwita nani kupika. Aliondoka bila kusema.

Kwa kuwa ulezi ulikuwa wa kamati, mama alijaza dumu la lita tano, akanituma nilipeleke siku ileile, na maagizo kwamba linywewe kabla jua halijazama. Mwenyekiti alikuwa Arusha. Kwenye simu aliniambia niliweke kwenye friji la kantini. Nilirudia maagizo ya mama mara mbili, akasema, "Friji, kijana." Nikaliweka.

Alhamisi kifuniko kiliruka. Povu lilimwagikia chapati zilizoandaliwa kwa ajili ya kifungua kinywa cha maombi, ambacho nacho kilikuwa kwenye ubao na ambacho nacho jamii yote ilikaribishwa. Akina mama wa kantini walinitania wiki nzima kwamba mama yangu ametuma bomu. Iliyobaki waliimwaga kwenye maua.

Nilidhani basi, kamati itatoa soda. Niliwadharau, lakini sikuwa nimewadharau vya kutosha. Jumamosi nilipofika na fagio langu nilikuta chungu kikubwa kwenye meza ya vyakula vya asili, kibuyu kilichopakwa vanishi pembeni, na ndani ya chungu juisi nyekundu ya choya iliyochanganywa na ukwaju. Juu walikuwa wamenyunyizia unga wa ulezi mkavu ili ifanane. Mbele ya chungu kulikuwa na bango: Mbege asilia ya Kibosho, imepikwa na mama mzazi wa mfagiaji wetu. Siku ile nilikuwa mtu wao.

Mgeni rasmi alifika saa sita kwa shughuli ya saa tatu. Akaonja, akafumba macho, akasema hii ndiyo ladha ya nyumbani aliyokulia. Wakampigia makofi. Wanafunzi wakapanga foleni kupiga picha na kibuyu, wanalegeza macho kama wamelewa choya. Mmoja aliniambia mama yangu ni hatari. Mimi nilifagia. Nilijiambia kwamba hawa ni watu wasiosoma hata kinachowahusu, kufikia Jumatatu watakuwa wameshasahau.

Kisha nikamwona jirani. Walikuwa wamemwita kutoka getini alete parachichi za meza ya matunda. Alitua beseni, akapita mbele ya chungu, akasoma bango lote, akachukua kikombe kidogo, akaonja. Halafu akaanza kuangaza macho mpaka akaniona.

"Hii nayo kapika mama yako?"

Aliuliza kwa sauti ya sokoni. Foleni ikageuka. Mwenyekiti, aliyekuwa karibu, akawahi kumwambia, "Onja, mama, ni asili kabisa." Akanitazama mimi kwa namna ya kunishukuru mapema kwa kunyamaza.

Niliwaza mfereji ule, na ndoo za jioni, na maneno yanavyovuka pale. Nikinyamaza, kabla ya giza Kibosho nzima itajua kwamba mama siku hizi anachemsha choya.

"Hapana, mama," nikasema. "Hii ni choya. Ya mama uliinywa Jumamosi iliyopita. Kata mbili."

"Tatu," akasema.

Akarudisha kikombe mezani kikiwa bado kimejaa, akajitwisha beseni tupu, akaondoka. Mwenyekiti aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ninaharibu shughuli. Nilikuwa nimeshatumia maneno yangu. Nililichukua bango, nikaenda nalo nyuma ya kantini, nikaligeuza, nikaandika nyuma yake kwa kalamu nene ninayowekea mifagio namba. Naandika polepole kama ninavyosoma. Nilipomaliza, mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka na mahema yalikuwa yanashushwa. Niliandika: Iliyonywewa leo ni choya na ukwaju. Mbege ilinywewa Kibosho Jumamosi iliyopita, siku yake.

Nikalibandika katikati ya ubao, nikafunga kioo, nikaweka ufunguo mfukoni.

Mwenyekiti alilitafuta lile bango siku mbili. Alilitaka kwa ajili ya picha za ripoti. Aliniuliza, akawauliza wa kantini, akafungua hata pipa la taka, na kila alipokwenda kunywa chai alipita hatua moja kutoka mahali lilipokuwa. Hakuna mahali salama pa kuficha kitu pale chuoni kama ubao wa matangazo. Mlinzi peke yake ndiye aliyelisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Jumatatu nililibandua mwenyewe, maana wiki ilikuwa imekwisha na kazi ni kazi.

Jioni hiyo jirani alivuka mfereji na debe la ulezi kichwani. Alilitua mlangoni kwetu bila hodi.

"Huu uloweke wewe," akamwambia mama.

Mama alichota kiganja, akaupuliza makapi, akauangalia. Akauliza ubatizo ni lini hasa, na kama tarehe hiyo haitasogezwa.

"Isogezwe na nani?" jirani akasema. "Mtoto hana mgeni rasmi."