Miaka Tisa ya Kumsubiri Chiriku

Albamu ya tatu ya mwimbaji Chiriku ilipotoka, Mama Makochi alikuwa na miaka thelathini na nane, na mumewe alikuwa ameondoka wiki sita tu kabla ya hapo. Hakukuwa na ugomvi. Mume alisema anakwenda kuangalia kazi mji mwingine, akabeba begi moja, na siku ya nne akatuma ujumbe kwamba asisubiriwe. Mama Makochi aliusoma ujumbe huo akiwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, misumari mitatu ameibana kwa midomo. Akaitoa mmoja mmoja, akaigongelea mahali pake, akamaliza kazi.

Kilichomshinda ni kulia. Ndugu walikuja kumpa pole, shangazi yake akakaa naye siku mbili nzima akimwambia atoe machozi apate nafuu, lakini wapi. Macho makavu kama mbao. Mpaka asubuhi moja redio ya karakana ilipopiga wimbo wa nne wa albamu ile mpya, ambamo mwanamke anamuuliza mwanamume aliyeondoka mbona hakukumbuka kuchukua viatu vyake, sasa yeye avipeleke wapi. Basi. Mama Makochi alizika uso kwenye sponji aliyokuwa akiikata, akalia mpaka ile sponji ikawa haifai tena kwa kazi ya mtu.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa Chiriku.

Karakana yao ilikuwa nyuma ya safu ya maduka. Vilikuwa vyumba viwili vilivyopakana. Chumba cha mbele kilikuwa chake: mabunda ya vitambaa yamesimamishwa ukutani, springi kwenye ndoo, cherehani kubwa karibu na dirisha. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mdogo wake, seremala, aliyechonga fremu na kupiga randa mchana kutwa. Hakuwa na mtoto anayeitwa Makochi, wala mtoto yeyote. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya jinsi alivyokuwa akiyasemea makochi yake yanapochukuliwa na wateja. "Msimwache mtoto amrukerukie hapa katikati," angesema. "Na jua lisimpige." Kumbe anayezungumziwa ni kochi.

Mwaka uliofuata alianzisha kundi la mashabiki kwenye simu. Walifika watu mia tatu na arobaini. Chiriku alikuwa amehojiwa redioni, akaulizwa kuhusu albamu ya nne, akajibu kwa ile sauti yake ya kukwaruza kidogo: "Naandika. Nipeni muda kidogo tu." Wakampa. Mwaka wa pili ikatoka picha yake amevaa vipokea sauti masikioni, kundi likalipuka kwa shangwe. Mwaka wa tatu akasema mwakani, Mungu akipenda. Mwaka wa nne hakusema kitu. Mwaka wa tano ikaja picha nyingine, amesimama kwenye shamba la nyanya, amevaa mabuti, anacheka. Nyuma yake kulikuwa na meza, na juu ya meza, ukiikuza picha sana, palionekana kitu cha bluu. Katibu wa kundi, mwalimu mstaafu ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwa macho, akaandika kwamba hilo ni daftari la nyimbo. Wakabishana siku tatu. Wengine walisema ni sahani.

Watu walianza kujitoa mmoja mmoja, kimyakimya, bila hata kuaga. Kila aliyetoka, Mama Makochi alikiona kile kijistari cha kwenye simu kinachosema fulani ameondoka, na kila mara kilimchoma.

"Dada," mdogo wake alimwambia siku moja, akijipukuta maranda kwenye nywele, "huyu ni chiriku gani asiyelia? Chiriku kazi yake kelele. Huyu wenu ni samaki."

"Kazi nzuri haifanywi kwa papara. Wewe mwenyewe ukiharakishwa unatoa kiti chenye mguu mfupi."

"Kiti kimoja hicho! Na kilikuwa miaka kumi iliyopita."

"Mimi sijasahau."

Mbele za watu alimtetea hivyo hivyo, kwa nguvu zote. Peke yake alikuwa na hasira nyingine kabisa. Angekuwa anashona mto, mara anajikuta amesimamisha mguu kwenye cherehani, anasema kwa sauti: "Lakini sentensi moja tu! Andika sentensi moja utuambie unaendeleaje!" Mteja aliyeketi pembeni angeshtuka, akadhani anaambiwa yeye.

Mwaka wa tisa tangazo lilitoka. Albamu ya nne ya Chiriku, nyimbo kumi, Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi. Kundi lilikuwa limebaki na watu ishirini na sita. Mama Makochi alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba, na ndani yake, alipofika dakika ya tano, akawaambia wale wote waliotoka kwamba wataona aibu. Aliwakumbusha waliobaki kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Akawaahidi kwa jina lake kwamba itakuwa kubwa kuliko zote tatu.

Ijumaa hiyo hakupokea kazi. Aliwaalika wanakundi wa karibu, na akaja mmoja, muuguzi wa kike, ametoka moja kwa moja zamu ya usiku na viatu vyake vyeupe, macho mekundu kwa usingizi. Wakaketi kwenye kochi la watu watatu lililokuwa linasubiri kuchukuliwa. Mdogo wake naye akaja na stuli, akakaa mlangoni, akijifanya anapumzika tu.

Saa nne kamili, Mama Makochi akabonyeza.

Wimbo wa kwanza ulianza kwa mdundo wa kompyuta, mzito, wa kutikisa madirisha. Kisha sauti ya Chiriku ikaingia, na muuguzi akageuka kumtazama mwenzake. Wimbo huo waliujua. Ulikuwa wa albamu ya kwanza.

"Labda ameanza na huu kutukumbusha," Mama Makochi alisema.

Wa pili ulikuwa wa albamu ya pili. Wa tatu vilevile. Nyimbo zilezile, sauti zilezile zilizorekodiwa zamani, zimevalishwa midundo mipya tu. Mama Makochi alijua kazi ya namna hiyo. Mtu analeta kochi lenye springi zilizokatika, anataka libadilishwe kitambaa tu apate kuliuza. Yeye kazi hiyo alikuwa akiikataa.

Wa nne ulikuwa ule wa viatu. Walikuwa wameufanya wa kucheza, na filimbi zikipulizwa kila mwisho wa beti, pale hasa ambapo zamani Chiriku alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Hawakufika wa tano. Mama Makochi aliizima simu, akaondoka kwenye kochi, akachukua koleo na kuanza kung'oa misumari ya kiti kingine. Muuguzi alikaa dakika chache, akasema pole, akaenda kulala. Mdogo wake alirudi chumba cha nyuma na stuli yake. Hakutania. Hilo lilimuuma dada yake zaidi kuliko utani.

Kwenye kundi alikaliwa kooni. "Wewe ndiye ulituahidi." "Miaka tisa unatupa moyo, kumbe hujui lolote." Katibu akataka maelezo. Maelezo! Kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda studio.

Basi Jumanne akayatafuta hayo maelezo. Alikuwa amesikia kwamba mpiga gitaa wa albamu zote tatu ana banda la kutengeneza redio karibu na kituo cha mabasi, akamwachia mdogo wake funguo, akaenda. Alimkuta mzee wa miaka sitini hivi, miwani mizito, ameinamia spika iliyofunguliwa tumbo.

"Karibu, mama. Spika au redio?"

"Chiriku," alisema.

Mzee aliweka chini bisibisi. Akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja. "Kaa. Toka Ijumaa wewe ni wa tatu."

"Sikuja kugombana, kaka. Nataka kujua tu. Anaumwa?"

"Haumwi."

"Ameokoka?"

"Hapana."

"Basi ana nini?"

"Ana raha."

Mama Makochi alidhani hakusikia vizuri, mabasi yalikuwa yanapiga honi. "Ana nini?"

"Raha, mama. Alipata mume mzuri, mtu mpole, wana shamba. Tumekaa studio mara tatu mimi na yeye. Anaanza beti, anafika katikati, anasimama, anacheka. Ananiambia, kaka, hili ni uongo, sina kinachoniuma. Kampuni ikawa inamdai albamu moja kwa mkataba, akawaambia chukueni zile za zamani mfanye mnavyotaka."

"Hata ule wa viatu?"

"Hata ule. Hajausikiliza hivyo walivyoufanya. Nilimwambia asiusikilize."

"Si aimbe hiyo raha yake, basi! Aimbe nyanya!"

"Aliimba nyanya," mzee alisema. "Niliusikia huo wimbo."

"Ulikuwaje?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Ulikuwa mbaya sana."

Mama Makochi hakujua acheke au apige meza. "Na sisi je? Tuliosubiri?"

"Nyinyi mna zile nyimbo. Mama, niambie, unataka nini? Mume wake amtoroke ndipo upate albamu?"

"Hapana," Mama Makochi alijibu. Lakini jibu lilichelewa kutoka, na wote wawili walisikia jinsi lilivyochelewa.

Alirudi kwa miguu, mwendo wa saa nzima, makusudi. Njiani aliona haya, kisha akakasirika, kisha akaona haya kwa kukasirika. Alijaribu kumfurahia yule mwanamke mwenye mabuti. Ni kweli alikuwa anacheka pichani, cheko la mtu asiyejua anapigwa picha. Lakini kila alipojaribu, wazo moja lilimrudia: walianza kulia pamoja, na mwenzake akanyamaza kwanza bila kumwambia. Miaka tisa yeye amekaa palepale, anasubiri aliyekwisha kutoka. Kulikuwa na fundi bomba mmoja, aliyefiwa na mkewe, mtu wa heshima, aliyekuja karakana mara nne kwa kisingizio cha stuli moja. Mama Makochi alimjibu kwa mkato mara zote nne. Sasa alikuwa ameshaoa.

Jioni hiyohiyo aliandika kwenye kundi. Hakutoa siri ya mzee wala habari za ndoa ya mtu. Aliandika tu: "Ndugu zangu, nimeuliza kwa anayejua. Hakuna albamu nyingine. Ni mzima na anaendelea vizuri. Tuache kusubiri."

Alitegemea watasikitika. Badala yake wakamrukia. Kwamba amehongwa. Kwamba amekata tamaa na sasa anataka wote wakate. Katibu aliandika ujumbe mrefu wenye aya tatu kuhusu uaminifu, na kabla Mama Makochi hajafika aya ya pili, simu ikamwarifu kuwa ameondolewa kwenye kundi. Kundi alilolianzisha yeye! Hata picha ya kundi alikuwa ameichagua yeye.

"Wamenifukuza," alimwambia mdogo wake asubuhi.

"Nani?"

"Mashabiki wa Chiriku."

Mdogo wake aliumeza utani uliomjia. "Pole, dada," akasema, na akaenda kuchonga.

Wiki mbili baadaye alimwandikia Chiriku barua. Aliiandika kwa mkono, kurasa mbili, akaikopi upya mara tatu mpaka haikuwa na neno lililokatwa. Alimweleza habari za mume na begi lake na sponji iliyoharibika. Alimwambia kwamba anafurahi kusikia ana maisha mazuri, na kwamba pia amemkasirikia, na hajui atafanya nini na hasira hiyo maana haina pa kwenda. Hakuomba albamu. Akaipeleka kwa mzee wa redio, naye akakubali kuifikisha.

Mwezi ukapita. Mzee akapiga simu wakati Mama Makochi anavuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi, kazi inayotaka mikono miwili, akaibana simu kwa bega.

"Ameisoma," mzee alisema. "Nilikuwepo. Aliisoma yote, akaikunja, akaiweka mfukoni, akatoka nje kumwagilia nyanya."

"Hakusema chochote?"

"Alisema una mwandiko mzuri."

"Mwandiko?"

"Ndiyo. Alisema siku hizi watu hawaandiki hivyo."

Mama Makochi alishukuru, akaaga kwa adabu, akakata simu. Kisha akakivuta kile kitambaa kwa nguvu kikachanika kutoka kona hadi kona, na ikabidi akate kipande kingine na kuanza upya.