Bustani ya Mpakani na Ujumbe Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka uso wangu hupata moto. Ilikuwa wakati wa korona, hapa hapa Sydney, tulipofungiwa mitaa yetu ya magharibi na helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa ya Guildford. Utasema nilikuwa mtu mzima tayari. Kwa miaka, ndiyo. Lakini katika udugu nilikuwa bado mtoto, nimeapishwa mwaka uliotangulia tu, na utoto wa mtu hauonekani kwenye ndevu.

Udugu wetu ulikuwa loji ndogo ya wanaume kutoka Kenya, Burundi na Kongo. Tulikuwa na kiapo, na mishipi ya kijani tuliyovaa vikaoni, na kazi moja iliyotuunganisha: kuitunza bustani ya amani iliyopandwa mpakani mwa Kongo na Burundi, nusu huku, nusu kule. Akina mama wa pande zote mbili, wengi wao wajane wa vita, walilima humo pamoja. Sisi tuliwapelekea miche na pampu ya maji. Pampu ilikaa upande wa Burundi, karibu na mto, na ufunguo wake alikuwa nao mama mmoja aitwaye Espérance, dada wa ndugu yetu Deo. Mimi na Deo tulifanya kazi ghala moja kule Smithfield, tukila meza moja. Yeye Mrundi, mimi mtu wa Uvira, upande wa Kongo, na hilo halikuwahi kutusumbua.

Korona ikaja, mpaka ukafungwa. Asubuhi moja binamu yangu Safari akanitumia sauti kwa WhatsApp: "Kaka, wametufungia maji. Leo siku ya tisa. Miche yetu inakufa na wao wanatuangalia tu."

Siku hizo nilikuwa nimetengwa nyumbani kwa sababu mwenzetu mmoja kazini alikuwa ameugua. Hasira ya mtu aliyefungiwa ndani haina pa kwenda, mwanangu, humzunguka yeye mwenyewe. Nikajiambia lisemwalo lipo. Sikumpigia Deo. Nikairusha ile sauti kwenye kundi la loji, nikaongeza na yangu: "Hawa ndio tuliokula nao kiapo. Nyoka ni nyoka, hata ukimlisha maziwa."

Kufikia mchana Warundi watatu walikuwa wametoka kundini. Wakongo wawili wakanisifu, na sifa zile zilinipendeza, siwezi kukuficha. Deo hakutoka kundini.

Kesho yake alasiri akaja Mzee Wafula, mkuu wa loji, Mkenya, nesi mstaafu. Alikuja kwa miguu, maana kutembea karibu na nyumbani kuliruhusiwa. Akasimama nje ya geti na barakoa yake, mimi nikiwa dirishani. Hakunisalimu.

"Umemuuliza Deo?"

"Mzee, sauti umeisikia mwenyewe."

"Sikukuuliza nimesikia nini. Umemuuliza?"

Nikaitazama simu mkononi.

"Mimi nimemuuliza," akasema. "Dada yake yuko hospitali tangu wiki ya juzi, anapumua kwa oksijeni. Ufunguo uko kwenye mkoba wake, na mkoba umefungiwa naye wodini. Upande wao nao umekauka. Tena maneno yako yameshafika kule. Sasa hivi watu wa kwenu wameingia bustanini na mapanga, wanakata miparachichi ya wenzao. Na wewe umesimama unanitazama."

Nikampigia Safari. Haikupokelewa. Nikapiga tena, na tena. Alipopokea, nilisikia mapanga kabla sijasikia sauti yake.

"Safari, waambie waache. Nilisema uongo."

"Kaka, si wewe uliyesema ni nyoka?"

"Weka simu sauti ya juu, wanisikie wote."

Basi nikawaambia watu wenye mapanga mikononi kwamba mimi, mtu wa kwao, sikuuliza, na kwamba mama wanayemlaumu anapigania pumzi yake. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akauliza nimelipwa na nani. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke wa upande wetu: "Anayetaka kukata mti unaofuata aanze na mimi." Hapo ndipo walipoacha. Miti kumi na minne ilikuwa chini.

Mzee Wafula alikuwa bado getini. "Sasa Deo," akasema.

Deo alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, "Dada aliisikia sauti yako, kaka. Mtu alimtumia. Muuguzi alimshikia simu sikioni akidhani ni salamu kutoka Australia."

"Akasemaje?"

"Hakuweza kusema. Alifumba macho."

Espérance alipona, Mungu ni mwema. Akina mama wa pande zote mbili walipanda upya. Loji ilinivua mshipi mwaka mzima, nami sikubisha. Deo alirudi mezani, lakini utani wetu haukurudi wote.

Mwanangu, najua Kiswahili changu unakielewa ingawa unanijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo sikia. Likikufikia neno baya juu ya mtu, muulize mwenyewe kabla hujamsimulia mwingine, hasa linapokuja kwa sauti ya ndugu yako, maana hilo ndilo tunaloliamini upesi. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya watu usiowaona. Na ukishakosea, usijifiche nyuma ya kimya: rudi kwa walewale uliowaambia, useme nimekosea, hata kama watakucheka.

Mungu akupe masikio mapana kuliko kinywa. Akupe mzee atakayekuja mpaka getini kwako kukukemea, na moyo wa kumfungulia dirisha. Amina.