Mlango wa Mvule

Watu walimwita Fundi Basi, kwa sababu hakuna mjadala aliouacha bila kuufunga kwa neno hilo. Mvua haitanyesha leo, basi. Meza hii ni ya miguu minne, basi. Mdogo wangu ni mwongo na sitaki kumwona tena, basi. Hilo la mwisho alilisema miaka kumi na moja iliyopita, siku ya kugawana vitu vya marehemu baba yao, baada ya kumzaba mdogo wake kofi mbele za watu.

Kosa lenyewe lilikuwa maneno machache. Fundi, akiwa ndiye mkubwa, alichagua mlango wa mbele wa nyumba ile. Baba yao, seremala naye, aliusifia maisha yake yote kuwa ni mvule mtupu. Mdogo wake akasema, "Chukua, kaka, ila huo si mvule. Mlango wa mvule baba alimpa yule fundi aliyekufundisha kazi, ndipo akakupokea uwe mwanafunzi wake. Huu ni msonobari umepakwa rangi."

Kumwambia seremala kuwa baba yake alidanganya watu kwa mbao ni matusi ya nguoni. Kofi likatua, na undugu ukaishia hapo.

Sasa karakana aliyofanyia kazi ilikuwa imefungwa, naye akahamishia vyombo vyake kwenye chumba kilicho chini ya nyumba, walikotupia mapipa na magodoro mabovu. Akajitengenezea benchi la kazi. Miguu aliimaliza kwa siku mbili, minene, imekaa sawasawa sakafuni. Kilichobaki ni uso. Na uso wa benchi la seremala, alipenda kusema, lazima uwe uso mkavu: upigwe nyundo, uchomwe patasi, umwagiwe gundi, usione haya.

Plaiwudi aliikataa. Kuta za chumba kile zilitoka jasho. Ingevimba na kubanduka tabaka kwa tabaka. Bati lingemlia makali ya patasi. Wiki nzima alizunguka maduka ya mbao, akirudi mikono mitupu na mdomo umemvimba.

"Si una ule mlango?" mkewe akamwuliza. "Umeuegemeza ukutani miaka yote hiyo. Mvule hauogopi unyevu, wewe mwenyewe ndiye msemaji."

Wakaushusha pamoja ngazini. Mkewe akashangaa. "Mbona mwepesi hivi?"

"Mbao ikizeeka hukauka," fundi akajibu. "Basi."

Na hapa ndipo unapotamani kumshika mabega umtikise. Mtu huyu akinyanyua ubao kwa vidole viwili alikutajia mti wake, na wateja wakipigwa na butwaa. Mikono yake ilijua. Ilijua tangu siku ya kofi, lakini mwenyewe alikataa kuisikiliza.

Aliulaza mlango juu ya miguu ya benchi, akakwangua vanishi, akapitisha randa. Maranda ya kwanza yalitoka ya kahawia. Yaliyofuata yalitoka meupe. Akageukia upande wa pili, meupe vilevile. Akabonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama. Akakaa juu ya pipa, na aibu ikamwingia mpaka masikioni. Baba yake alikuwa ameitoa fahari ya nyumba yake ili mwanawe ashike randa, halafu akaona haya kusema.

Alimwomba mkewe namba ya simu ya mdogo wake. Mkewe akaitaja kwa kichwa, bila kutazama popote. Fundi akapiga papo hapo.

"Nimeupiga randa mlango," alisema ilipopokelewa. "Ni msonobari."

"Najua, kaka. Mimi ndiye niliyemkorogea baba rangi. Nilikuwa na miaka tisa, wewe umeshahamia kwa fundi wako. Akanikataza nisikwambie, eti utaona vibaya uiache kazi."

"Mbona siku ile hukunieleza hivyo?"

"Ulinipa nafasi?"

"Njoo, mdogo wangu. Njoo tukae, tuzungumze."

"Binti yangu aliolewa, hukuja. Nilimzika mke wangu, shemeji alikuja peke yake, akasema unaumwa mgongo. Nikasema sawa. Nimekusamehe zamani, kaka, sina kinyongo. Lakini mimi nduguyo nilikwambia, ukanipiga. Leo ubao umekwambia, umeamini. Kuja siji."

Simu ikakatika. Mkewe, aliyesimama juu ya ngazi, akauliza kama shemeji yake anakuja. Fundi alikuwa akilia kwa sauti, mzee wa miaka sitini, kwikwi zikimtikisa juu ya lile pipa.