Radhi Kabla ya Mwaka wa Mwisho

Nilipokwenda Uingereza kusomea uhandisi wa ndege, Wete nzima, mji wetu kisiwani Pemba, iliamini nimekwenda kusomea urubani, na hakuna aliyekubali kusahihishwa. Niliporudi mapumzikoni, kabla ya mwaka wa mwisho wa shahada, jirani yetu mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza kwa ukali mbele ya watu, "Wewe ndo ulopita juu kwetu juzi? Mbona hukuteremka ukasalimu?" Nikamwambia mimi sirushi ndege, nasomea namna ya kuziunda. Akanitazama kwa huruma. Nadhani aliona nimeshindwa masomo ya juu, nikateremshwa ya chini.

Kule chuoni tulikuwa na chumba kirefu chenye feni kubwa mwisho wake. Humo tulining'iniza bawa dogo la mbao, tukavumisha upepo, na kupima unalinyanyua kwa nguvu gani. Siku ya mwanzo kuliona bawa lile likipanda lenyewe nilisahau baridi, nikasahau na viazi vyao vya kuchemsha visivyo na ladha. Yaliyobaki yalikuwa hesabu tu, za vyuma, za ribiti zinazoviunga, za uzito, mpaka macho yanauma. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote, na nilitaka kuimaliza.

Lakini mama hakutaka nirudi Uingereza. Hakusema "usende." Angesema hivyo ningegombana naye, maana na mimi ni mbishi. Kwetu mtu hasafiri bila ya radhi ya mama yake: hukaa mbele yake, akafukizwa ubani, akawekewa mkono kichwani na kuombewa. Siku ya meli ilikuwa karibu, sanduku limeshafungwa, na kila nikimwambia, "Mama, naomba radhi zako," hunijibu, "Inshallah," akaenda zake jikoni. Inshallah ya namna ile kila mtoto wa Pemba anaijua maana yake. Wapo walioondoka hivyo hivyo. Mimi sikuthubutu.

Nilidhani anaogopa nitaanguka. Basi nikamweleza tena na tena kuwa mimi nakaa mezani na karatasi zangu, hata kiti cha rubani sikigusi. Kila nikimweleza, uso wake ulizidi kukunjamana. Asubuhi moja, yupo uani anageuza karafuu zilizoanikwa jamvini, hasira zikanipanda.

"Mama, mimi nakaa chini! Anayepanda ni mwengine!"

Akaacha kugeuza karafuu. "Hilo ndo linonitisha," akasema.

Hapo akanihadithia jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitaja nyumbani. Katika shamba la babu, kule upande wa Konde, uchumaji haukuanza mpaka mwenye shamba aizungukie mikarafuu mwenyewe, apapase shina, atikise tawi, kisha aseme, "Mzima, bismillahi, panda." Bila ya neno lile hakuna aliyeinua mguu. Mwaka mmoja babu alilisema chini ya mkarafuu mkubwa, na aliyepanda ni mwanawe, kaka yake mama. Tawi lilikuwa limeoza ndani kwa ndani. Nilijua nilikuwa na mjomba aliyekufa kijana, lakini siku zote nilidhani alikufa kwa homa.

"Kaka alikufa siku moja," mama akasema. "Baba alikufa kila siku. Hula, akaacha, akautazama mkono wake ulopapasa shina. Ntu alopanda hana lawama, mwanangu. Lawama ya yule alosimama chini akasema mzima. Na wewe ndo kazi unokwenda kusomea hino."

Miaka yote ile darasani hakuna mwalimu aliyenitia khofu kama ile. Nikakaa kitako kando yake, na kwa mara ya kwanza nikaacha kubishana, nikamweleza kazi yangu yenyewe. Nikamwambia kuwa tukishapata kwa hesabu bawa linataka nguvu kiasi gani, hatuliundi kwa nguvu hizo tu. Tunaongeza juu yake.

"Mwaongeza kwa nini, na hesabu mmeshapiga?"

"Kwa sababu kuna tusiyoyajua, mama. Chuma huenda kina ufa ndani. Upepo huenda ukazidi. Na sisi wenyewe huenda tumekosea."

"Wazungu wakiri hayo?"

"Yameandikwa vitabuni. Asiyeongeza hapewi kazi."

Akaanza kulia, na nilijua haraka kuwa hanililii mimi. "Baba hakuna alomwambia kuwa yafaa kutojua," akasema. "Ye akiona mwenye shamba lazima ajue."

Nililia na mimi, kwa babu ambaye sikumwahi, na kwa mama aliyeubeba mkono ule wa baba yake maisha yake yote huku mimi nikimdhania mwoga. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga, akaniwekea mkono kichwani pale pale juani, bila ya ubani wala matayarisho yoyote, akaniombea. Hakuomba nifike salama. Hakuomba nifaulu. Alimwomba Mwenyezi Mungu, siku watakaponiuliza mbele ya watu kama ndege ni nzima, nami sina hakika, anipe ulimi wa kusema sijui.