Sabato Mbili, Lifti Moja

Wakala aliponiambia kwamba familia iliyotaka kuniajiri ni Wayahudi kutoka Amerika, nilipiga magoti hapo hapo chumbani kwetu Muhaisnah, mtaa wa wafanyakazi, wenzangu watano wakinitazama wakidhani nimepokea habari za msiba. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, kutoka Kisii. Kwa miaka mitatu nilikuwa msafishaji wa kampuni hapa Dubai, na basi la kampuni lilinichukua kila Jumamosi alfajiri kama siku nyingine yoyote. Nilipomwomba msimamizi ruhusa alinijibu, "Yalla, dada, ingia kwenye basi, Mungu ataelewa." Labda Mungu alielewa. Mimi sikuelewa, na kila Jumamosi nilipiga deki kwa hasira.

Basi nikawaza: Wayahudi! Si ndio wenye siku yenyewe? Sisi Wasabato tumeiazima tu kwao. Sasa nitakaa kanisani kutwa nzima, nitaimba mpaka sauti inikauke. Nikahamia kwao Jumeirah Village Circle, ghorofa ya kumi na nne, nikiwa na begi moja na shukrani tele.

Siku ya pili madam alinikalisha jikoni kunieleza utaratibu wa nyumba.

"Mapumziko yako ni Jumapili," alisema, akitabasamu kama mtu aliyefanya utafiti. "Najua ninyi Wakristo huenda kanisani Jumapili."

Nikamweleza mimi ni Mkristo wa aina gani. Alinisikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akasema samahani sana, lakini Jumamosi ndiyo siku anayonihitaji zaidi. Kuna wageni, kuna mtoto, na yeye na sir wote wako nyumbani.

"Lakini madam, kwani nyinyi hamshiki Sabato?"

"Sisi ni Wayahudi wa kitamaduni."

"Maana yake nini?"

Akafikiri kidogo. "Tunabishana sana, tunacheka tukiwa na matatizo, tuna wasiwasi juu ya kila kitu, na hakuna mgeni anayetoka kwetu bila kula."

"Madam," nikamwambia, "hao mbona ni Wakisii."

Alicheka mpaka akafuta machozi, lakini Jumamosi hakunipa. Na Jumamosi yenyewe ilianza na sir, ambaye alipenda kiamsha kinywa cha nguruwe, ile nyama inayouzwa kwenye chumba chake peke yake mwisho wa supamaketi kana kwamba ina ugonjwa. Nilivaa glavu mbili mbili, nikageuza uso, nikakaanga. Msabato wa Kisii anamkaangia Myahudi nguruwe siku ya Sabato, tena katika nchi ya Kiislamu. Sidhani malaika wa zamu alijua aandike nini.

Sitaki kuwasingizia. Walikuwa watu wema, na walikuwa na dini yao kwa namna yao. Ilipofika ile siku yao kubwa ya kufunga kula na kunywa tangu jioni hadi jioni, sir alifunga mpaka saa saba mchana, akatangaza kwamba nia ndiyo muhimu. Madam alifunga mpaka mwisho bila kumwambia mtu. Nilimkuta sebuleni akisikiliza sala kwenye simu, analia. Nilipomuuliza kulikoni, alisema ni mzio wa vumbi.

Nilimwomba Jumamosi tena na tena, kwa upole na kwa ukali. Mwishowe akaniambia ukweli. Alilelewa New Jersey katika nyumba iliyoshika Sabato kwelikweli. Kila Jumamosi ya utoto wake alikaa dirishani akiwatazama watoto wa jirani wakienda kuogelea.

"Kwangu siku hiyo ilikuwa jela," alisema. "Niliapa kwamba binti yangu ataogelea kila Jumamosi ya maisha yake."

Nilimhurumia. Pia nilikasirika, kwa sababu mtoto anaweza kuogelea bila mimi kukaanga nguruwe. Yeye alikuwa akiikimbia siku ile, mimi naikimbilia, na miezi minane ikapita hivyo.

Kisha tukapata habari kwamba mama yake anakuja kwa wiki tatu. Mjane, miaka themanini na mmoja, anashika kila kitu. Moyo wangu ukaruka. Nikasema huyu sasa ndiye mwenzangu, huyu ataisafisha nyumba hii.

Madam naye alichanganyikiwa, kwa sababu kwa miaka yote alikuwa akimwambia mama yake kwenye simu kwamba nyumba yao inafuata kosher, yaani ile halali yao. Nguruwe alitolewa kwenye friza usiku huohuo. Tukachemsha sufuria. Tukanunua sahani mpya, za buluu kwa vyakula vya maziwa na nyekundu kwa nyama, maana kwao hivyo viwili havikutani hata kwenye sinki. Sir alikosea mara tatu siku ya kwanza. Mtoto, mwenye miaka mitano, hakukosea hata mara moja, naye ndiye aliyekuwa akimwonya baba yake.

Siku mbili kabla ya ndege kutua, madam aliniita chumbani, akafunga mlango.

"Nina ombi," alisema. "Usimwambie mama kwamba wewe pia una Sabato."

"Kwa nini?"

Akanieleza. Bibi, kama mtoto alivyomwita, haruhusiwi kuwasha taa siku hiyo, wala jiko, wala kubonyeza kitufe cha lifti, wala kumwamuru mtu amfanyie. Lakini akitaja tu kwamba kuna giza, na mtu asiye Myahudi akawasha kwa hiari yake, hapo hakuna kosa. "Ndiyo maana," akasema, "Jumamosi hizi tatu nitakuhitaji kuliko wakati wowote."

Nimelelewa na mzee wa kanisa. Nilianza kukariri Maandiko kabla sijaota meno ya mbele ya pili. Sasa nilikuwa nimepewa kazi ya kuwa mpagani.

Bibi alifika. Mfupi, mkavu, kofia kichwani, macho ya mkaguzi. Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, kila kitu kilikuwa tayari: chakula juu ya bamba la umeme la kukiweka moto, mkate uliosukwa, mishumaa, taa ya bafuni imeachwa inawaka hadi kesho. Bibi akafunika uso kwa viganja kuomba. Madam naye akaufunika, ila kwa kiganja kimoja, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa chini ya meza umeshika simu yenye maneno ya sala. Nilipoona sebule ile imetulia, mishumaa inawaka, nilijisikia niko nyumbani kwetu Ijumaa jioni mama akiwa ameshapika kila kitu. Nilitamani kukaa. Nikaenda jikoni.

Baada ya chakula sir alitoka bafuni na, kama Mmarekani anayejali mazingira, akazima taa. Bibi alitaka kuingia, akasita mlangoni. Akaniona kwenye korido.

"Huko ndani kuna giza," akasema.

"Kweli, mama," nikajibu. "Kuna giza."

Akangoja. Nami nikangoja.

"Giza zito. Mtu wa umri wangu anaweza kuanguka."

"Anaweza hata kuvunjika nyonga," nikasema. "Pole sana."

Tulitazamana. Kwa haki, sisi Wasabato huwasha taa bila wasiwasi. Si dhambi kwetu. Lakini nilikuwa na miezi minane ya Jumamosi kooni, na kiburi changu nimekirithi kwa bibi mzaa baba. Ulimi ukaniponyoka.

"Mama, kama kuwasha hiyo taa ni kazi kwako, basi ni kazi kwangu pia. Na mimi Sabato yangu imeingia jua lilipozama."

Bibi akanikazia macho. "Wewe ni Myahudi?"

"La, mama. Mkisii."

Akaingia bafuni gizani, akipapasa ukuta. Nilikaa nje ya mlango nikimsimulia sabuni iko wapi na taulo liko wapi, nikijilaani mwenyewe. Alipotoka salama alinigusa shavu.

Asubuhi, madam na sir walimchukua mtoto wakatoka. "Tunaenda kwenye sala," madam alimwambia mama yake. Mimi ndiye niliyepakia lile begi la sala, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya kujikinga na jua. Tukabaki wawili, Bibi akisoma, mimi nikisoma, hadi alipofunga kitabu akasema kwamba bustani ya chini inaonekana nzuri.

"Ni nzuri sana," nikasema.

"Ghorofa kumi na nne ni nyingi kwa ngazi."

"Ni nyingi, mama."

Alinitazama, na safari hii akacheka. Tukaenda tukasimama mbele ya lifti, wote wawili mikono nyuma, tukingoja rehema. Ikaja kwa umbo la jirani Mhindi mwenye raketi, akabonyeza, tukaingia naye. Bahati mbaya alikuwa akienda kwenye gari lake, na lifti ikatupeleka moja kwa moja hadi maegesho ya chini kabisa. Akashuka. Mlango ukafungwa. Tukabaki.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa mtu ataiita," alisema Bibi, kama mzoefu.

Iliitwa ghorofa ya tisa na dada Mfilipino mwenye mbwa, aliyekuwa akipanda kwenda ya ishirini. Huko juu akaingia kijana na mkeka wa mazoezi, akashuka ghorofa ya tatu. Mle ndani Bibi aliniuliza mambo yote. Tunakula nini Ijumaa? Nani hupika? Mama yangu yuko hai? Nilimwambia yuko hai, na kwamba kila Jumapili hunipigia simu kuniuliza mahubiri ya jana yalihusu nini, nami humtungia.

Bibi akanigeukia. "Unamtungia kwa sababu huendi?"

"Nafanya kazi, mama. Jumamosi ndiyo siku wanayonihitaji zaidi."

Kisha lifti ikaitwa kutoka chini, na mlango ulipofunguka kwenye ukumbi wa mapokezi, mlinzi alikuwa amesimama anatungoja, Mkenya mwenzangu, anayekaa na zile runinga za kamera.

"Sister, kwani kuna nini?" aliniuliza. "Robo saa nzima naona nyinyi wawili mnapanda na kushuka. Hujui kubonyeza?"

"Leo ni Sabato."

"Ya nani?"

"Yetu sote."

"Ai, wacha! Si mngeniita tu?"

Hatukuwa na njia ya kumwita, kwa kuwa kengele nayo ni kitufe. Bustanini kulikuwa na jua kali, kwa hiyo tukakaa kwenye sofa za wageni, na ndipo tulipokuwa, saa nane kasoro, mlango wa kioo ulipofunguka wakaingia watu waliotoka kwenye sala. Nywele zilikuwa zimelowa. Mtoto alikuwa na miwani ya kuogelea shingoni. Sir alikuwa amekumbatia boya la plastiki lenye umbo la ndege wa rangi ya waridi, refu kumpita, na alipomwona mama mkwe alijaribu kujificha nyuma ya boya hilo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikuwahi kuiona fupi hivyo.

"Sala ilikuwaje?" Bibi akauliza.

"Ndefu," akasema sir, nyuma ya boya.

Madam alikuwa amegeuka mwekundu. "Mama, naweza kueleza."

"Sahani zako bado zina vibandiko vya bei upande wa chini," Bibi akamwambia. "Nimejua tangu jana. Nimejua miaka kumi. Kula utakacho, ogelea utakapo, mimi sitakufa kwa hilo." Kisha akaninyooshea kidole, nami nikasimama kama mshtakiwa. "Lakini huyu anaitaka siku hii, na umemnyima. Amri imemtaja mtumishi. Imemtaja waziwazi. Imemtaja hata ng'ombe!"

"Wewe ulinilazimisha miaka yote," madam akasema. "Nilikuwa mtoto. Nilitaka kutoka tu."

"Najua," alisema Bibi. "Nilikosea. Ningekuacha uende. Sasa mwache huyu aende."

Mlinzi alikuwa akijifanya anatazama kamera. Madam akanitazama, akajifuta uso kwa taulo, akaniambia, "Nenda. Leo, na kila Jumamosi. Khalas."

"Na Bibi?"

"Nitambonyezea lifti mimi."

"Wewe ni Myahudi," Bibi akamkumbusha. "Huruhusiwi."

"Mama!"

"Atambonyezea mlinzi," nikasema, na nikakimbia kabla hawajaanza kubishana tena.

Nilifika kanisani saa tisa nikiwa na ndara za nyumbani, nguo ikinuka vitunguu. Kipindi cha mchana kilikuwa kimeanza. Nilikuwa nimepanga kwa miezi minane jinsi nitakavyoimba siku hiyo. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki safu ya nyuma. Hakuna aliyenihitaji. Hapakuwa na mtoto wa kuvalishwa, wala jiko, wala mtu wa kuniambia kuna giza. Nikaegemeza kichwa ukutani, kidogo tu, na nilipofumbua macho watu walikuwa wakikunja viti.

Dada aliyekuwa kando yangu aliniambia kwamba nimekoroma tangu ombi la kufungua hadi la kufunga, na akaniuliza kama siku nyingine nitakuja kuabudu au kulala. Nilimjibu kwamba mimi nimeshaabudu.